Mwalimu kahamishwa, nani achukue timu? Kikao ni Jumapili

MamaJezi_Nkuhungu
Jumatano, saa 2:10 usiku

Habari za jioni wakuu. Wakubwa shikamooni, wengine mbukwenyi.

Timu silitaji jina. Mnaoijua mnaijua, na viongozi nao wamo humu wanasoma kimyakimya. Ni sisi wa jezi za njano tunaojifua uwanja wa shule hapa Nkuhungu, Dodoma, ule wenye mbuyu nyuma ya goli. Mwalimu aliyetufundisha misimu minne kapata uhamisho wa kazi, kapelekwa Kondoa. Hakufukuzwa, hakugombana na mtu, ni barua ya mwajiri tu. Kaondoka na filimbi, na ni haki yake maana aliinunua mwenyewe. Ligi ya mkoa inaanza baada ya wiki tano na benchi halina mtu.

Majina yaliyoko mezani ni matatu.

Wa kwanza yuko Dar. Ana leseni C ya ukocha ya CAF, shirikisho la soka Afrika, amewahi kuwa msaidizi kwenye timu ya Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu. Anataka laki nne kwa mwezi na nauli juu. Atakuja Ijumaa, Jumatatu anarudi kwake. Nimekaa na kikokotoo: treni ya SGR daraja la kawaida ni 31,000 kuja na 31,000 kurudi, mara nne kwa mwezi inakuwa 248,000. Weka na laki nne yake, 648,000. Kwenye kasha tuna 1,140,000, na hapo sijalipa waamuzi, sijanunua maji, sijakodi Costa ya kwenda Mpwapwa.

Wa pili ni Fundi. Nkuhungu nzima inamjua, alikuwa beki wa kati na nahodha wetu enzi zile, leo ana gereji ya pikipiki. Leseni hana. Sauti anayo. Akisimama pembeni ya uwanja akapiga kelele "pangeni mstari", hata wauza karanga wa upande wa pili wanajipanga.

Wa tatu ni Kijana, aliyekuwa msaidizi wa Mwalimu. Ana miaka 27, leseni D, ya chini ya C, Jumamosi asubuhi anafundisha watoto wa chini ya miaka 15. Anaongea taratibu mpaka inabidi umsogelee. Wachezaji wanamwita "bro", kocha hawamwiti.

Mimi ni mweka hazina, na jezi nafua mimi tangu 2019. Nikisema jambo la ufundi kwenye kikao naambiwa "mama, hilo tuachie sisi". Sawa. Lakini kuna kitu nakiona mimi uani kwangu ambacho wao pale kwenye mstari hawakioni.

Udongo wa uwanja wetu ni mwekundu, usipoloweka jezi usiku kucha sabuni ya kipande unaimaliza bure. Jumatatu nikimwaga gunia chini, kabla sijasimuliwa lolote, najua mechi ilikwendaje. Namba 6 ina udongo bega la kulia kwa sababu akiteleza anaangukia upande huo. Ya kipa ina damu kwenye kiwiko. Namba 10 shingo imevutika, maana yake alikamatwa sana. Halafu nafika kwenye namba 12 mpaka 18, za benchi. Msimu uliopita, wiki baada ya wiki, nne kati ya hizo saba zilikuwa zinarudi na mikunjo yangu ya pasi. Hazijavaliwa. Nazitoa kwenye gunia kama nilivyoziweka.

Mechi ya mwisho kule Kongwa tunaongoza 1-0 hadi dakika ya 70, tukala tatu. Mawinga wamekata pumzi wanatembea, beki wa kushoto kashika kiuno. Namba 18 ilirudi inanukia sabuni.

Mwalimu nampenda, ni mtu mwema na watoto wangu wawili kawafundisha hesabu. Ila alikuwa na kumi na moja wake, akishawapanga kapanga. Kwa hiyo mimi naangalia kitu kimoja tu: kati ya hawa watatu, nani ataniletea jezi zote kumi na nane chafu?

Nipeni hoja. Matusi sitaki, humu kuna watoto.


Mnyama_wa_Changombe

Shikamoo Mama Jezi. Jibu ni moja, wa Dar. Mtu mwenye leseni C aje Nkuhungu halafu tumkatae kwa sababu ya nauli ya treni? Tutabaki ligi ya mkoa mpaka wajukuu zetu. Fundi ni mshabiki mwenye spana. Kijana ni mtoto. Hela inatafutwa: watu 60 tukichanga elfu tano tano, laki tatu hiyo hapo.


MamaJezi_Nkuhungu

Marahaba baba. Daftari la michango ninalo mimi. Mwezi uliopita waliochanga elfu mbili mbili ni watu 19. Wewe hukuwemo.


Winga_Teleza

😂😂😂 Mnyama kapigwa tobo kweupe


Kocha_wa_Kahawa

Mnyama, wewe ndiye ungekuwa wa mwisho kumdharau mzawa. Nikukumbushe ya kwenu mwenyewe, Simba.

Septemba 2022 kocha Zoran Maki kaondoka Simba msimu ukiwa bado mbichi. Aliitwa nani? Juma Mgunda, katolewa Coastal Union pale Tanga. Akaanza na Nyasa Big Bullets ya Malawi, mbili kwao, mbili Dar. Akaenda Angola akampiga Primeiro de Agosto 3-1 nyumbani kwake, marudio akashinda tena, mkaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa. Malipo yake? Januari 2023 akaja Robertinho. Novemba Robertinho akala tano za Yanga, safari ikamkuta. Akaja Benchikha, huyu aliyetoka kubeba Kombe la Shirikisho na USM Alger, Aprili 2024 naye kaaga. Mkamrudia nani? Mgunda yuleyule.

Kwenu mzawa ni ndoo ya akiba. Bomba likitoa maji iko nyuma ya mlango, maji yakikatika ndiyo mnauliza "ile ndoo iko wapi".


Mwananchi_Kizota

Kahawa hapo kwa Simba nakuunga mkono kwa moyo wote 😄 ila usitupeleke kwamba wa nje hana faida. Nasreddine Nabi alitubebea sisi Yanga ligi mbili mfululizo, 2021/22 na 2022/23, na huo mwaka wa 2023 akatufikisha fainali ya Shirikisho dhidi ya USM Alger. Tukafungwa 2-1 Dar, tukaenda Algiers tukashinda 1-0, kombe wakabeba wao kwa bao la ugenini. Timu ya Tanzania kukaribia kombe la Afrika namna ile! Mtu aliyeona mengi anakuja na vitu ambavyo wewe uliyekaa hapahapa huvijui. Mimi naenda na wa Dar, hata kama ni kwa mwezi mmoja wa kuwaweka sawa vijana kabla ya ligi.


MamaJezi_Nkuhungu

Mwananchi, Nabi alikuwa na Mayele. Mabao saba kwenye hilo Shirikisho, mfungaji bora wa mashindano. Mshambuliaji wetu sisi anachoma mishikaki mpaka saa saba usiku, na Ijumaa ikiwa kuna ndondo mahali anapewa elfu kumi anakwenda kucheza, Jumapili anatuletea miguu iliyobaki. Huyo ndiye wa kufundishwa. Je, wa Dar ameshawahi kufundisha mtu wa aina hiyo?


Beki_Tatu_Mstaafu

Naomba nafasi, nitaandika kirefu kidogo kwa sababu mimi nimecheza na Fundi miaka sita, yeye namba nne, mimi namba tatu.

Mnazungumza leseni, mnasahau uwanja. Wangapi humu wanajua upepo wa uwanja wetu? Kiangazi hiki upepo unatoka mashariki. Mechi inaanza saa kumi, upepo ukiwa na nguvu zake zote, unapuliza kuelekea goli la mbuyu. Kipa wa upande wa mbuyu akipiga mpira wa goli, unapanda, unasimama angani, unarudi kama umesahau kitu. Nimeona kwa macho yangu mpira wa goli unarudishwa na upepo mpaka unakuwa kona. Ikifika saa kumi na moja na nusu upepo unatulia. Saa hiyo jua limeshuka, liko upande wa mbuyu, linampiga machoni kipa aliyesimama goli la mashariki.

Sasa Fundi alipokuwa nahodha, akishinda shilingi hakuwahi kuchagua mpira. Anachagua goli. Kipindi cha kwanza tunashambulia mbuyu, upepo mgongoni. Kipindi cha pili tunashambulia mashariki, upepo umelala na jua limo machoni mwa kipa wao. Mipira ya juu tu, mingi, kipa anaweka mkono kwenye paji la uso kama anasalimia jeshi. Tumefunga mabao ya namna hiyo mpaka wageni wakaanza kuomba mechi ichezwe asubuhi.

Yule bwana wa Dar siku aliyokuja kujaribiwa, kwenye ile mechi ya kirafiki, nahodha alishinda shilingi akamwangalia yeye. Akamwambia chukua mpira. Mimi nilikuwa nimesimama pale. Nikainuka nikaenda kunywa kahawa.

Na msiseme mchezaji mstaafu hawezi kuwa kocha. Mecky Mexime alikuwa beki na nahodha, Mtibwa Sugar na Taifa Stars, akaja kuifundisha Mtibwa yenyewe, akaenda Kagera Sugar, Ihefu, mpaka hapa kwetu Dodoma Jiji. Beki anaona uwanja wote uko mbele yake miaka kumi. Huo ni ukocha tayari.


Mnyama_wa_Changombe

Mexime alisomea na ana leseni, mzee wangu. Usilinganishe. Halafu Mama Jezi uwe mkweli mbele ya kadamnasi: Fundi ni nani kwako?


MamaJezi_Nkuhungu

Fundi ni shemeji yangu, kamuoa mdogo wangu. Sikusema kwa sababu nilijua ndiyo litakuwa neno la kwanza, na hapo mngeacha kuongea mpira.

Na kwa kuwa ni shemeji, namjua kuliko ninyi. Upepo na jua anavijua, Beki Tatu hajadanganya. Ila msimu wa 2021 alikuwa mtunza vifaa tu, kazi yake ndoo ya maji na mfuko wa dawa, na bado mwamuzi akamwonyesha kadi nyekundu. Mtunza vifaa! Faini ilitoka kwenye hela yangu ya maji, mechi mbili vijana wakanywa ya bomba. Wiki hiyo nilikula kwake Jumapili na sikumsemesha.

Nikimpa kura atasema dada kanibeba. Nisipompa atasema dada kaniangusha. Kwa hiyo hapo nimeshaumia tayari, tuendelee.


Mdau_wa_UDOM

Mama shikamoo, wakuu habari. Mimi ni mgeni Dodoma, nipo chuo, nakuja kuangalia mechi zenu kwa sababu ni bure na ni tamu kuliko za kwenye kibanda umiza.

Kama mshabiki wa Manchester United nina uzoefu mkubwa wa kutafuta kocha mpya, niaminini. Ferguson alifika Novemba 1986, kombe la kwanza ni FA mwaka 1990, ligi 1993. Akaondoka 2013 na makombe 13 ya ligi. Tangu hapo sisi tumefanya nini? Moyes alipewa mkataba wa miaka sita, akafukuzwa Aprili 2014 msimu haujaisha. Van Gaal kabeba FA 2016, kafukuzwa. Mourinho kabeba Europa 2017, mwaka uliofuata kashika nafasi ya pili kwenye ligi, Desemba hiyohiyo kafukuzwa. Solskjær. Ten Hag kabeba Carabao na FA, kafukuzwa. Amorim kaja na mabeki wake watatu, msimu wa 2024/25 tukamaliza wa 15 na fainali ya Europa tukafungwa na Tottenham.

Kila anayekuja anakuta wachezaji walionunuliwa na aliyemtangulia. Wa mfumo huu, wa mfumo ule, mchanganyiko kama makande. Mimi nadhani mtu si hoja kubwa kama mnavyodhani. Yeyote mtakayempa, mpeni misimu miwili kwa maandishi, na mumpe mtu yuleyule aliyekuwa anawajua wachezaji. Kwa hiyo kura yangu ningekuwa nayo, Kijana.


Mwananchi_Kizota

Mdau pole sana, hiyo orodha ni ya wagonjwa wa mochwari 😂


MamaJezi_Nkuhungu

Marahaba mwanangu, karibu Dodoma, na siku ya mechi pita kwangu kuna chai. Ila Ferguson alikaa miaka mitatu na nusu bila kombe. Kwetu mechi tatu bila ushindi kuna watu wanakuja kugonga mlango wangu wakitaka warudishiwe hela ya kadi ya uanachama. Wakati mmoja mtu alikuja na kadi ya 2017.

Hilo la maandishi lakini nimelipenda. Nitalipeleka.


Fundi_Spana_14

Nimeonyeshwa huu uzi na mteja. Mimi ndiye Fundi. Ile kadi nyekundu mwamuzi alikosea. Asanteni.


Beki_Tatu_Mstaafu

😂 Nahodha umefika! Karibu.


Benchi_La_Kudumu

Shikamoo mama. Mimi ni mchezaji wenu, nimefungua akaunti sasa hivi kwa ajili ya hili. Namba sitaji, ila jezi yangu huwa hufui, unaanika tu.

Nataka niseme lile ambalo wachezaji tunaongea tukirudi nyumbani na hatulisemi kwenye kikao.

Yule kocha wa Dar ni kocha kweli. Jumamosi aliyokuja alitufanyisha mazoezi ambayo mimi sijawahi kuyaona. Kaja na koni arobaini, vizibao rangi tatu, kila mtu ana kituo chake, dakika nane nane, hakuna aliyesimama. Tulikuwa 22 siku hiyo kwa sababu kila mtu alisikia kuna mgeni. Tukamaliza tunapigiana makofi. Jioni kapanda treni, kaacha ratiba ya wiki nzima kwenye kundi la WhatsApp, kurasa sita, michoro mizuri kabisa.

Jumanne saa kumi tulifika tisa. Wawili wana boda na ile ndiyo saa ya abiria wa kutoka kazini, mmoja yuko saiti ya ujenzi huko Mtumba, hawajamaliza kumwaga zege, mmoja anauza mitumba Sabasaba. Wengine hata sijui. Ratiba inasema kumi kwa kumi pamoja na makipa wawili. Nahodha akampigia simu wa Dar, hakupokea, baadaye akaandika "fanyeni mlivyoelekezwa". Tisa! Watu wakaanza kuvua viatu.

Kijana alikuwa kakaa chini ya mbuyu kwa sababu hakuna aliyemwambia ana cheo gani. Akainuka. Hakusema neno. Chokaa ilikuwa imeisha, akaenda kwa mama mmoja anayeuza chipsi pale nje, akarudi na ndoo ya majivu. Akaanza kuinama anachora: akakata uwanja robo, akaweka magoli mawili madogo ya matofali, wanne kwa wanne, wa tisa anakuwa wa timu yenye mpira. Kila aliyepoteza mpira anatoka anakuwa yeye wa tisa. Tulicheza mpaka hatuonani. Mimi sijawahi kugusa mpira mara nyingi vile tangu nijiunge na timu hii, na yule wa mishikaki, mama, aliomba tuongeze dakika kumi.

Miguu yetu ilikuwa ya kijivu mpaka magotini kwa yale majivu. Tukimwangalia Kijana, mikono yake vilevile.

Kwa nini tunamwita bro? Kwa sababu Mwalimu alikuwa anamkatisha mbele yetu. Akisema hivi, Mwalimu anasema "hapana, hivi". Tukazoea. Kosa ni letu pia, nakiri. Mwaka jana Kijana alimwambia Mwalimu abadilishe winga dakika ya 60 kule Kongwa, nilimsikia kwa masikio yangu, nilikuwa nimekaa naye. Mwalimu akamwambia "subiri kidogo". Tukasubiri hadi ya 90.


MamaJezi_Nkuhungu

Mwanangu, nimesoma mara tatu. Jumatano ile nilipofua vizibao nilijiuliza hili jivu limetoka wapi, nikadhani mmekwenda kuchoma mahindi.

Kama kuna anayedhani msaidizi hawezi kupanda, nyumbani kwangu Januari 2024 tulijazana watu kumi na tano kwenye televisheni moja. Afcon, Ivory Coast. Taifa Stars imeshakula tatu za Morocco, na kocha Amrouche kafungiwa na CAF mechi nane kwa maneno yake. Benchi kakabidhiwa Hemed Suleiman, huyu wetu wa Zanzibar anayeitwa "Morocco" kwa utani, na Mgunda pembeni. Mechi ya Zambia Msuva kafunga mapema, kabla ya mapumziko Novatus kala nyekundu, tukacheza kipindi kizima pungufu, tukarudishiwa dakika za mwishoni kabisa, 1-1. Na Congo tukatoka 0-0. Tukarudi nyumbani, ndiyo, lakini hatukurudi tumeaibika. Hemed akabaki na timu, na Novemba mwaka huohuo Msuva tena, Guinea 1-0 kwa Mkapa, tukakata tiketi ya Afcon nyingine. Na yeye hakuwa na sauti ya kutisha mtu.

Haya. Nadhani mmeshajua nimesimama wapi.


Kocha_wa_Kahawa

Tulijua tangu ule mstari wa mikunjo ya pasi 😂


Mnyama_wa_Changombe

Mimi bado wa Dar. Ila nitachanga. Mama nitumie namba ya M-Pesa.


MamaJezi_Nkuhungu

Namba ni ileile ya mwaka jana baba.


Beki_Tatu_Mstaafu

Mama Jezi, Kijana sina neno naye, kijana mstaarabu. Ila mtu wa kuwatuliza wale wa saiti na wa boda wakianza ubishi wa posho chumba cha kubadilishia ni nani? Majivu hayanyamazishi mtu. Kwa nini Fundi asikae naye benchi?


Fundi_Spana_14

Nikae chini ya mtoto niliyemtengenezea baiskeli ya kwanza?


Winga_Teleza

Uzi umekuwa mtamu. Nani ana karanga?


MamaJezi_Nkuhungu
Jumapili, saa 3:40 usiku

Nimetoka kikaoni, miguu inauma. Niwape mliokuwa mbali.

Walihudhuria wanachama 33 wenye kadi hai, nimezikagua mimi mwenyewe mlangoni. Wa Dar alipigiwa simu tukamweka kwenye spika, akaulizwa kama atashusha. Akashusha laki nne mpaka tatu na nusu, nauli palepale. Mtu muungwana, hakuna aliyemdharau, akatuambia hata tusipomchukua ile ratiba tubaki nayo.

Fundi aliongea dakika ishirini. Ya upepo yote, ya jua yote, akachora kwenye ukuta wa darasa kwa mkaa, kesho lazima tukapafute kabla wanafunzi hawajaingia. Watu walipiga makofi na mimi nilipiga. Kisha akaulizwa na mzee mmoja, "Je, ukipewa kadi nyekundu nani anabaki na timu?" Akajibu "sitapewa". Ukumbi ukacheka, na yeye kwa bahati mbaya akakasirika.

Kijana aliongea dakika nne. Watu wa nyuma hawakusikia. Mwenyekiti akamwambia paza sauti, akapaza kidogo, akaishiwa. Alichosema, kwa sisi tuliokaa mbele, ni kwamba ana daftari la mahudhurio la miaka miwili, na Jumanne wastani wa wanaofika ni kumi na mmoja, kwa hiyo anapanga mazoezi ya watu kumi na mmoja. Na kwamba anaomba ruhusa ya kubadilisha wachezaji bila kuomba ruhusa. Nilisimama nikairudia kwa sauti ili wa nyuma wasikie. Nikaambiwa nakiuka utaratibu. Sawa.

Kura: Fundi 14, Kijana 13, wa Dar 6. Katiba yetu inataka zaidi ya nusu, yaani 17. Hakuna aliyefika. Tunarudia Jumapili ijayo kati ya wawili wa juu. Wale sita wa Mnyama sasa wanafuatwa majumbani kama mabalozi wa nyumba kumi. Lile la mkataba wa misimu miwili limepita bila kupingwa, Mdau njoo unywe chai yako.

Nilipotoka nimemkuta Fundi nje anamsubiri mdogo wangu. Hajanisalimia. Ila nimemwona anamwambia Kijana kitu karibu na pikipiki, anamwonyesha kwa mkono upande wa mbuyu, kisha upande wa mashariki, na Kijana anaitikia kwa kichwa. Sijui walikubaliana nini, sikuwasogelea.

Kwa sasa mazoezi yapo kama kawaida, Kijana anashika kwa muda. Filimbi nimenunua, 4,500, risiti ninayo. Chokaa bado. Mwenye majivu ya jikoni alete ndoo moja Jumanne kabla ya saa kumi. Ya fundi seremala sitaki, yale ya mwezi uliopita yalikuwa na misumari.